Kusimika Kazi ya Sanaa Yenye Nyuki Hai: Mzinga, Sauti na Vibuyu

Wengi wanaotamani kufanya sanaa na nyuki hai huanza na picha moja kichwani: mtazamaji amesimama mbele ya kioo, na nyuma ya kioo kuna maelfu ya nyuki. Kwa nyuki wetu wa Afrika Mashariki picha hiyo ina hatari, na kwa maoni yangu ina uvivu pia. Kioo kinampa mtu cha kutazama kwa dakika mbili, kisha anaondoka. Sauti humkalisha. Mwongozo huu unafuata kanuni moja: nyuki abaki panapomfaa, sauti yake ndiyo isafiri.

Kanuni hiyo si yangu peke yangu. Msanii Mwingereza Wolfgang Buttress alisimika mnara wa alumini wenye urefu wa mita 17 kwenye maonyesho ya dunia ya Milan mwaka 2015, na mwaka 2016 ukahamishiwa bustani ya Kew, London. Una vipande vya alumini vipatavyo 170,000 na taa zipatazo 1,000, na taa hizo hufifia na kung'aa kufuatana na mtikisiko wa mzinga halisi ulio mahali pengine bustanini. Mtu anaingia ndani ya mnara, anasikia na kuona kinachoendelea mzingani, wala hakuna nyuki anayesumbuliwa. Tutafanya jambo la namna hiyo kwa gogo, ukindu, vibuyu na vifaa vya dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi.

Tunachojenga ni vitu viwili: mzinga wa gogo wenye masikio, yaani vifaa vidogo vya kunasa mtikisiko, uliotundikwa mbali na watu, na kibanda cha kusikilizia ambamo vibuyu ndivyo spika.

1. Amua nyuki atakaa wapi kabla hujachora chochote

Mwaka 2012, huko Kassel, Ujerumani, Pierre Huyghe aliweka ndani ya bustani sanamu ya mwanamke aliyelala, na kichwa chake kilikuwa mzinga wenye nyuki hai. Kazi hiyo imenakiliwa sana mawazoni mwa wasanii vijana, nami nakushauri usiinakili hapa. Nyuki wa Ulaya wamechaguliwa kwa upole vizazi na vizazi. Nyuki wa bara letu, awe wa aina ya scutellata wa nyanda za juu au litorea wa pwani, hujihami haraka, huja kwa wingi, na hufukuza mbali.

Kwa hiyo mzinga wa nyuki wanaouma nauweka mita 300 au zaidi kutoka kibanda, nyumba, njia ya watoto wa shule na zizi la mifugo. Katikati kuwe na miti au kichaka, ili nyuki wanaporuka wapite juu. Pasiwe na jenereta wala mashine ya kufyekea nyasi jirani, kwa kuwa mtetemo wa mashine huwachokoza kuliko kelele za watu. Maji yawepo karibu, la sivyo watayatafuta kwenye bomba la jirani yako.

Kama huna nafasi hiyo, usilazimishe. Tumia nyuki wasiouma, wale wadogo wanaojenga ndani ya magogo na kuta na kuacha mlango wenye mrija wa nta na utomvu. Hawa unaweza kuwaweka hata ndani ya kibanda, kimo cha macho, na watu wakaona mrija na nyuki wanaoingia na chavua miguuni. Baadhi yao hung'ata nywele wakichokozwa, basi. Sauti yao ni ndogo, itabidi ukuze zaidi. Ukihamisha kundi lao, lihamishe usiku, mlango umezibwa kwa wavu, na gogo libaki katika mlalo uleule njia nzima: mayai yao huelea juu ya chakula cha majimaji ndani ya vijumba vya nta, na gogo likipinduliwa watoto huzama.

2. Tafuta mrina asali kabla ya kutafuta fundi wa sauti

Huu si ushauri wa adabu tu. Mrina asali wa eneo hilo anajua ni mti gani makundi hupendelea, yanahamia lini, siafu wanapita wapi. Mlipe kama mshiriki wa kazi, tangu siku ya kuchagua gogo, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha maonyesho pamoja na lako akikubali.

Upande wa serikali, Tanzania Bara ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na wilaya nyingi zina ofisa nyuki. Mwone yeye na serikali ya kijiji au mtaa. Kenya, anza na ofisi ya mifugo ya kaunti. Ukiwa karibu na hifadhi ya wanyama, taja waziwazi kwamba utatoa sauti ya nyuki kwa spika, kwa sababu si watu peke yao wanaoisikia. Utafiti wa Lucy King na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo wa Kenya hukimbia wakipigiwa rekodi ya nyuki waliokasirika, na kutokana na kazi hiyo zikaja zile fensi za mizinga zinazolinda mashamba ya Sagalla, karibu na Tsavo.

3. Gogo

Mizinga ya maganda ya miti, inayojulikana sana huko Tabora na kwenye misitu ya miombo, inapendeza macho kupita yote. Hata hivyo mti ukichunwa ganda pande zote hufa, na mimi sioni sababu ya kuua mti ili nipate kazi ya maonyesho ya miezi michache. Tafuta gogo lililokwisha anguka. Mwembe mkavu unatosha. Urefu uwe mita moja hadi mita moja na robo, na tundu la ndani liwe na kipenyo cha sentimita 25 hadi 30. Lipasue kwa urefu, lichonge ndani, kisha vipande viwili vifungwe tena kwa waya au kamba ya makonge. Ncha zizibwe kwa visahani vya ubao, kimoja kikiwa na matundu machache ya milimita 8 hivi kuwa mlango.

Ndani usipake rangi, vanishi wala dawa ya mchwa. Usitumie mbao zilizotiwa dawa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Paka nta kuukuu iliyoyeyushwa kwenye dari ya ndani, na ukipenda sugua mchaichai mlangoni: harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki hutoa kuitana. Nyufa zifunge kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na majivu.

Sasa, kabla nyuki hawajaingia, tengeneza nafasi ya masikio. Nyuki wakishaingia umechelewa.

4. Masikio ya mzinga

Nyuki huwasiliana zaidi kwa mtikisiko wa masega kuliko kwa sauti ya hewani. Kwa hiyo sikio kuu liguse mbao. Nunua visahani vya piezo, vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme, vya milimita 27, vile vya shaba vyenye duara jeupe katikati vinavyokuwa ndani ya kengele za saa na ving'ora vidogo. Ni vya bei ndogo, nunua kadhaa maana vingine vitaharibika wakati wa kulehemu.

Upande wa juu wa gogo, kwa nje, toboa shimo lenye upana wa kisahani lakini lisitokeze ndani. Bakiza mbao nene kiasi cha sentimita moja. Kisahani kibandikwe chini ya shimo kwa epoksi, uso wa shaba ukiwa umelala kabisa kwenye mbao bila kiputo cha hewa. Juu yake mimina nta, kisha ziba kwa kizibo cha mti. Nyuki watajenga masega yao yakining'inia kwenye dari hiyohiyo, na kila mtikisiko utapanda mpaka kwenye kisahani. Hawatakigusa wala kukipaka gundi yao. Weka visahani viwili, kimoja katikati na kimoja karibu na mlango, kwa sababu sauti zake ni tofauti kabisa: katikati ni mvumo wa utulivu, mlangoni ni miguu, mabawa na vurugu za kutua.

Kama unataka pia sauti ya hewani, weka maikrofoni ndogo ya kondensa ndani ya kikopo chenye wavu wa matundu yasiyozidi milimita 2, chini kabisa pembeni. Ujue kwamba baada ya muda nyuki watauziba wavu kwa gundi yao na sauti itafifia. Mimi huona piezo inatosha.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: piezo ikichomekwa moja kwa moja kwenye mixer ya kawaida hutoa sauti nyembamba, kavu, isiyo na besi, na msanii hudhani nyuki ndivyo walivyo. Kisahani hiki kinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, megaohm 1 au zaidi. Ama fundi akutengenezee prempu, yaani kikuza sauti cha kwanza, ndogo ya transista ya FET, ama tumia kadi ya sauti yenye tundu la gitaa. Waya kati ya kisahani na prempu usizidi mita moja, tena uwe wa kinga, vinginevyo utasikia redio na umeme wa jirani badala ya nyuki.

5. Kusafirisha sauti

Kutoka prempu hadi kibandani tumia waya wa maikrofoni wa jukwaani, wenye nyuzi mbili na ganda la kinga, mradi prempu yako iwe ya kutoa sauti kwa nyuzi mbili namna hiyo. Mita 300 zinapitika bila shida. Ufukie sentimita 30 ndani ya bomba la plastiki, kwa ajili ya majembe na fuko. Intaneti ya simu inawezekana pia, kwa kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi iliyofungwa mtini, lakini mtandao ukikatika ukumbi mzima unanyamaza na hakuna anayejua kwa nini. Waya ni mkaidi, na mimi napenda ukaidi wake.

Umeme wa mzingani ni mdogo sana. Betri ya volti 12 na paneli ndogo ya sola hutosha prempu. Kibandani, amplifaya ndogo ya kisasa ikipigwa kwa sauti ya chini hula takriban wati 10. Saa nane kwa siku ni wati-saa 80. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 18, ina wati-saa 216, nayo haitakiwi kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo inatosha na baki kidogo. Paneli ya wati 50 itairudishia siku ya jua, ila siku ya mawingu mfululizo uwe na betri ya pili.

6. Vibuyu

Sehemu hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Mvumo wa kawaida wa mzinga uko karibu na hezi (mitikisiko kwa sekunde) 200 hadi 250. Spika ndogo za dukani hutoa vibaya eneo hilo, lakini kibuyu hukuza eneo hilohilo ukikichagua vizuri. Kibuyu cha lita 5 chenye mdomo wa sentimita 6 huitikia karibu na hezi 185. Cha lita tatu na nusu chenye mdomo wa sentimita 8 huitikia karibu na hezi 250. Mdomo mpana hupandisha sauti, tumbo kubwa huishusha.

Huhitaji hesabu sokoni. Weka mdomo wako kwenye mdomo wa kibuyu, guna kuanzia sauti ya chini ukipanda polepole. Mahali kibuyu kinapotetemeka mkononi ndipo kilipo. Programu yoyote ya simu ya kulinganishia gitaa itakupa namba. Chagua vibuyu sita au saba vinavyotofautiana kidogo, ili mzinga ukibadilisha sauti, kibuyu kingine kiamke. Vinavyofanana vyote hufanya chumba kizima kipige nota moja inayochosha.

Toboa tundu la pili mgongoni mwa kila kibuyu, ubandike spika ya inchi 3 kutoka redio kuukuu, koni ikielekea ndani. Ziba pembeni kwa nta na kamba ya makonge pasivuje hewa. Sauti itoke mdomoni peke yake. Njia nyingine ni kutumia kile kifaa cha sumaku na koili kisicho na koni, kinachobandikwa kwenye ubao na ubao wenyewe ukawa spika: kibandike kwenye benchi la kukalia, na watu wasikie nyuki kwa mifupa. Kew wana jambo kama hilo, wageni hung'ata kijiti na mtikisiko hupanda kupitia meno. Kwa wageni wengi kwa siku, benchi ni safi zaidi.

7. Kibanda

Duara la mita 4, fito, paa la makuti, kuta za mkeka wa ukindu uliosukwa kwa ukili mpana. Mkeka hupunguza mwangwi, ukuta wa bati huuongeza, kwa hiyo bati marufuku hata kwa kujisetiri mvua. Sakafu ya udongo uliosindiliwa. Vibuyu vining'inie kimo tofauti, kimoja chini sana kwa ajili ya watoto na watu wa viti vya magurudumu. Mlango uelekee upande ambao upepo hautoki.

Wasanii wengi hupenda kutundika vitambaa vilivyochovywa kwenye nta, na kweli mwanga unaopita ndani yake ni wa dhahabu. Masharti ni matatu. Nta iyeyushwe kwa sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto mtupu. Ichujwe na kuchemshwa na maji mara mbili ili harufu ya asali iondoke, kwani nta yenye asali itawaita nyuki wote wa kata nzima ndani ya kibanda chako. Na itundikwe kivulini tu: huyeyuka karibu na nyuzi 62 hadi 64, lakini juani Dar es Salaam au Mombasa inaanza kulainika na kulegea mapema zaidi.

8. Subiri kundi, kisha usiliguse

Tundika gogo kimo cha mita 2 hivi, kwa waya uliopakwa grisi dhidi ya siafu, msimu unaokaribia maua. Sehemu za miombo huchanua zaidi kuelekea mvua za mwisho wa mwaka. Mahali pengine mrina wako atakuambia. Kundi likiingia, liache wiki kadhaa lijenge. Ukilifungua-fungua litahama, nyuki wetu hawana haya ya kuhama. Ndiyo maana ni vizuri kutundika magogo matatu yenye masikio ukitarajia moja au mawili yashike.

Usigonge mzinga ili kupata sauti kali. Nimesikia wanaofanya hivyo kwa ajili ya rekodi. Wanapata rekodi ya hofu, wanapata kundi lililohama, na mara nyingine wanapata safari ya hospitali.

9. Kuiweka sauti sawa

Kata yaliyo chini ya hezi 80: huo ni upepo na malori. Juu ya hezi 3,000 punguza, maana piezo huchoma masikio huko. Kisha acha. Usiongeze ngoma, usiongeze kinanda, usiongeze mwangwi. Buttress aliweka muziki, tena mzuri, lakini alikuwa na wanamuziki waliokaa na sauti hiyo kwa muda mrefu. Wengi wetu tukiongeza muziki tunafunika tu.

Kiasi cha sauti kiwe kidogo, kile kinachomlazimu mtu aache kuongea ndipo aisikie. Kama anaweza kuendelea kuzungumza huku akiisikia, ni kubwa mno, kwa kuwa atapandisha sauti yake ashindane nayo. Alasiri yenye joto utasikia nyuki wakipepea kupoza mzinga. Usiku wa msimu wa maua mvumo ni mpana na mzito, wanakausha maji ya asali, kwa hiyo fungua kibanda usiku angalau mara moja kwa juma. Na ukibahatika kundi likikaribia kugawanyika, utamsikia malkia kijana akilia: mlio mmoja mrefu, kisha mifupi mifupi, karibu na hezi 400. Wenzake ambao bado wamefungiwa kwenye vijumba humjibu kwa mlio mzito zaidi. Mwingereza Charles Butler aliiandika milio hiyo kwa nota za muziki mapema katika karne ya 17. Ikija, waambie watu waje usiku huohuo.

10. Siku za wageni

Njia ya kwenda mzingani ifungwe kwa kamba na kibao, na awepo mtu wa kuilinda. Mrina awe na bomba la moshi na mavazi mawili ya kinga tayari. Wageni wasije na ndizi mbivu, kwani harufu ya hatari ambayo nyuki hutoa baada ya kuuma inafanana nayo sana. Marashi makali nayo yabaki nyumbani. Droni hapana.

Akiumwa mtu, ondoa mwiba mara moja kwa njia yoyote, kucha zinatosha, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Mwondoe mahali pale kabla ya kumhudumia. Akivimba midomo au uso, akikosa pumzi, akizimia, au akiwa ameumwa mara nyingi, ni hospitali bila kungoja, hivyo gari na dereva wawepo eneo la kazi saa zote za kufungua. Ulizia mapema ni kituo kipi cha afya cha karibu chenye sindano ya adrenalini.

11. Kundi likihama, na asali ikiiva

Siku moja vibuyu vinaweza kunyamaza. Jaribu waya na betri kwanza. Vikiwa vizima, basi nyuki wameondoka. Hapo una hiari mbili: kuunganisha gogo jingine, au kuandika kwenye kibao cha mlangoni kwamba mzinga ni mtupu tangu tarehe fulani na kuacha vibuyu vitoe sauti ya gogo tupu, upepo na mchwa. Usipige rekodi ukadai ni moja kwa moja.

Asali iwe ya mrina, na muafaka huo uandikwe mwanzoni pamoja na malipo yake. Atarina jioni au usiku kwa utaratibu wake. Saa hiyo teremsha sauti kabla hajafungua gogo, maana kisu kikigusa mbao yenye piezo hupasua spika. Kazi ikiisha, chomoa waya, vile visahani vya piezo viache palepale chini ya nta, na gogo libaki mtini kwa mrina kama litakuwa bado lina kundi.